Kochi amenipa kitambaa cha ukapiteni, sijui nikivae au nikirudishe

Namba7_Katuba
Wakubwa habari za usiku. Niko Lubumbashi, nacheza ragbi ya watu 13, namba 7. Tumepoteza mechi tano mfululizo, ya juzi 28–7. Jumatatu kochi kaniita pembeni, kaniambia kuanzia mechi ijayo kapiteni ni wewe. Kapiteni wa sasa ana miaka 34. Wachezaji wanamheshimu ila hawamfuati tena: akipaza sauti "tupande!", nusu ya mstari inapanda, nusu inabaki imeshika viuno. Nikikubali nitaitwa msaliti, nikikataa timu inakufa. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Naomba ushauri, matusi nimeshapata ya kutosha uwanjani.

Mzee wa Likasi
Kijana, kwanza tueleze hiyo ragbi ya 13. Sisi wengine tunajua mpira tu.

Namba7_Katuba
Mzee, ilijitenga na ragbi ya kawaida kule Huddersfield, Uingereza, mwaka 1895. Wachezaji walikuwa vibarua wa migodini na viwandani, wakataka walipwe siku ya kazi waliyoikosa kwa ajili ya mechi, wakubwa wakakataa. Mwaka 1906 wakapunguza watu kutoka 15 hadi 13. Mkiwa na mpira mnaruhusiwa kuangushwa mara sita, ya sita ikifika mpira ni wa wenzenu. Kwa hiyo baada ya kuangushwa mara ya tano lazima mtu aamue: upigwe teke au tujaribu kukimbia. Anaamua namba 7, au kapiteni. Hapo ndipo penye shida.

Mama Bukari
Mwanangu, umekula lakini? Mimi ragbi siijui, naijua kwaya. Parokiani kwetu walimtoa mwalimu wa kwaya, mzee wa watu, wakaweka kijana aliyesoma noti. Jumapili mbili nzima sauti ya nne walifungua midomo na hakutoka kitu! Padri akadhani masikio yake yameharibika. Kijana akaenda kwa yule mzee na kuku, akamwomba asimame naye mbele. Nenda na kuku.

Kamalondo_Damu
Kuku wa nini? Mwaka 2010 Mputu alikuwa kapiteni wetu Mazembe, FIFA ikamfungia mwaka mzima kwa kumshambulia refa kule Kigali. Tukalia, tukasema tumekwisha. Bila yeye tukampiga Espérance 5–0 hapa nyumbani, tukabeba Ligi ya Mabingwa, tukafika hadi fainali ya dunia ya klabu Abu Dhabi. Inter ya Milan walitupiga 3–0, sawa, lakini dunia nzima ilishamwona kipa wetu Kidiaba akirukaruka kwa makalio. Kapiteni huja na kuondoka. Vaa kitambaa.

Mzee wa Likasi
Ile nusu fainali na Internacional ya Brazil niliitazama kwa jirani, kwangu umeme ulikatika. 2–0! Nilivunja kiti cha watu.

Kamalondo_Damu
Ulikilipa?

Mzee wa Likasi
Tuendelee na mada.

Kasapa_Usiku
Mimi huwa natazama ligi ya Waingereza ya ragbi ya 13 kwenye simu. Leeds walimpa Kevin Sinfield ukapiteni mwaka 2003 akiwa na miaka 22, anawaamuru watu waliomzidi umri. Mwaka uliofuata wakachukua ubingwa, wa kwanza kwao tangu 1972. Kwa hiyo umri si hoja. Wala si lazima kapiteni awe katikati ya vurugu: Clive Sullivan aliwaongoza Waingereza kubeba Kombe la Dunia 1972 akicheza pembeni kabisa.
Ila wewe unaandika kama mtu aliyekalia kitu. Huyo kapiteni ni nani kwako?

Namba7_Katuba
Ni mwenzangu wa timu tu.

Mama Bukari
Mwanangu.

Namba7_Katuba
Ni shemeji yangu. Kamuoa dada yangu mkubwa. Naishi kwao, chumba cha nyuma, na minevali, yaani ada ya chuo, analipa yeye. Lakini hilo halihusiani na uwanja.

Bibi wa Ruashi
Halihusiani! Bukari unayoiendea mazoezini inasongwa na nani? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Rudisha hicho kitambaa leo.

Kamalondo_Damu
Sasa nimeelewa kwa nini halali. Chumba cha nyuma kina ukuta mwembamba 😂

Namba7_Katuba
Mnanielewa vibaya. Sijamwambia kochi ndiyo. Nilimwambia tutaona, akanipa kitambaa, nikakipokea. Kukipokea si kukubali. Halafu shemeji mwenyewe goti linamsumbua, kupumzika kutamfaa. Na mimi tayari nimeanza kupanga jinsi ya kupanda kwa mstari, nimeandika kwenye daftari.

Bibi wa Ruashi
Daftari lililonunuliwa na nani?

Refa_Mstaafu
Samahani wakubwa, hii ni chai, tena ya maziwa. Nimechezesha ragbi miaka mingi. Kwanza, kapiteni wa ragbi havai kitambaa mkononi, hicho ni cha mpira wa miguu. Pili, 28–7. Kwenye ragbi ya 15 trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 5, teke la nyongeza 2, jumla 7. Kwenye ya 13 trai ni 4, na nyongeza 2, jumla 6. Hiyo 7 imetoka wapi? Huyu kakaa kwake anatunga, nyinyi mnampelekea kuku.

Kamalondo_Damu
Eeeh! Mtu kashikwa!

Kasapa_Usiku
Jibu, mdogo wangu. Mimi nilikuamini.

Namba7_Katuba
Kitambaa ni kwa sababu marefa tunaowapata ni wa mpira wa miguu. Kwa sheria kapiteni peke yake ndiye anayezungumza na refa, na yule refa alituambia bila kitambaa hamjui mtu. Tukanunua sokoni, cha manjano. 7 ni trai moja, nyongeza, na dropu. Dropu ni pointi 1.

Refa_Mstaafu
Hesabu inakubali. Lakini unataka kuniambia mnapigwa 28–6 halafu mtu anapiga dropu? Hiyo ni ya kuvunja sare! Mwehu gani alipiga?

*(Muda mrefu kimya.)*

Kamalondo_Damu
Kalala leo hatimaye.

Namba7_Katuba
Ni mimi.
Zilibaki dakika mbili. Tumeshaangushwa mara tano, tuko karibu na mstari wao. Shemeji anacheza namba 8, alikuwa kulia kwangu, goti limefungwa kitambaa kimeloa vumbi jekundu, anaita "Kwangu! Kwangu!" Mechi nzima alikuwa anaita hivyo na hakuna aliyempa. Nilimwona. Macho yetu yalikutana kabisa. Nikaudondosha mpira chini, nikaupiga, ukapita katikati ya nguzo. Hakuna aliyepiga makofi, hata wale wa upande wa pili walitutazama tu. Yeye akanipita, akasema, "Asante kwa pointi." Kwenye taksi akanilipia nauli kama siku zote.
Kochi anasema pale ndipo alipoona mtu anayeamua.

Refa_Mstaafu
Nafuta neno chai. Ila kochi wako aangaliwe macho.

Kasapa_Usiku
Kumbe hukuja kuuliza ukapiteni.

Bibi wa Ruashi
Mpira angeupata angefunga?

Namba7_Katuba
Sijui, bibi. Walinzi wawili walikuwa mbele yake. Zamani angewapitia wote.

Mama Bukari
Na hicho kitambaa kiko wapi sasa?

Namba7_Katuba
Kilikuwa mfukoni mwa bukta ya mazoezi. Dada amefua leo. Nimerudi chuoni nimekikuta kwenye kamba, kimebanwa vizuri katikati ya jezi yangu na jezi ya shemeji. Hajaniuliza kitu, yuko jikoni. Shemeji huingia saa kumi na mbili. Sasa ni saa kumi na moja na robo.

Mama Bukari
Basi mbona bado uko kwenye simu?

Mzee wa Likasi
Hiyo dropu hamjanieleza ndiyo nini.