Tuliohama Windows kwenda Linux hapa Lubumbashi, tupeane uzoefu

Jambo kwenu wote. Niko na sekretaria ndogo komini ya Kenya hapa mjini, tunachapa TFC na memwari (kazi za wanafunzi za kumaliza masomo), fotokopi, vitu vile. Mashine zangu za zamani, RAM giga 4, na tangu Microsoft iache kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 kila mtu ananiambia uza hizo nunua zingine, maana Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za karibuni. Kununua na nini jamani? Nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ile ya Xfce, nyepesi, na kazi inatembea vizuri sana. Kabla ya kufuta chochote niliwasha mashine kwa flashi, Mint inafunguka yote bila kugusa diski, nikapima wifi, nikapima printa, nikafungua memwari ya mteja, hapo njo unajua kama mashine yako itakubali.

Kilichonifurahisha zaidi ni klavye (kibodi). Ukichagua Kifaransa AZERTY, unawasha herufi kubwa (Caps Lock) unabonyeza é, inatoka É. Sisi tunaoandika ÉTUDE na ÉCONOMIE kwenye kurasa za mbele kila siku, zamani ilikuwa Alt halafu 0201!

Nyie ilikuwaje?

Wa Katuba: Yaya, kwangu ni virusi vya flashi. Mwanafunzi anakuja na flashi iliyopita sekretaria zote za mjini, kwa Windows folda zake zote zimegeuka shotikati, analia kazi imepotea. Kwa Linux kile kirusi hakitembei, na folda zenyewe zilizofichwa unaziona ziko palepale, unamkopia kazi yake anaenda na amani. Ila umwambie flashi bado ina kirusi, aisafishe, asiende kukitia kwa mwingine.

Wa Ruashi: Mimi niseme ukweli, ofisini kwetu hatukuhama wote. Faili ya mishahara ni ya Excel yenye makro (amri zinazofanya kazi zenyewe ndani ya faili), LibreOffice, ile programu ya ofisi ya Linux, ilifungua meza vizuri lakini makro nyingi zikagoma. Tuliacha mashine moja na Windows, haiingii intaneti, zingine zote Linux. Kama kazi yako ni makro usikimbilie.

Mwanafunzi: Na Times New Roman? Profesa wetu hataki kusikia fonti nyingine.

Mwanzishaji: Usiogope mdogo wangu. Kama haipo, LibreOffice inaweka Liberation Serif, upana wa herufi ni uleule kwa hiyo mistari hairuki ovyo, na ukitaka Times yenyewe kuna paketi inaitwa ttf-mscorefonts-installer. Angalia tu meza na picha zilizozungukwa na maandishi, hizo njo zinahama, halafu toa PDF uchapishe hiyo. Na usimalize mega zako kudaunilodi, Mint ni karibu giga 3, kuja na flashi tupu nikukopie, inaruhusiwa kabisa.