Naomba ushauri: Nagona imenishinda, na sitaki kuiacha

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Nilianza kumpenda mwandishi Euphrase Kezilahabi kwa riwaya yake Rosa Mistika (1971), nikamfuata hadi Kichwamaji, nikalia. Sasa wiki ya tatu nahangaika na Nagona, riwaya yake ya 1990. Ni kijitabu chembamba, lakini nimerudi mwanzo mara nne. Msimulizi yuko safarini, anakutana na wanafalsafa waliokufa zamani, na kila nikidhani nimeushika uzi, unakatika. Kile kisa cha moja kwa moja nilichozoea kwenye riwaya zake za awali hakipo.

Ajabu ni kwamba kitabu hakiniachi. Nikizima taa usiku, ile safari inaendelea kichwani. Kuna kurasa nikizisoma kwa sauti zinanisisimua kama shairi. Kuelewa, bado.

Nisaidieni: nisome hadi mwisho bila kusimama, ndipo nirudie? Au nitangulize falsafa kidogo? Mzingile (1991), riwaya yake iliyofuata, ninayo pia, ila naogopa kuifungua. Na kwa walioanza na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wamitila, riwaya nyingine ya mtindo kama huu, je, iliwasaidia? Rafiki yangu anasema kosa ni la mwandishi. Mimi sikubali.