Tyubu mpya imetoboka ndani ya mkoba

Swali: Wakuu, mkoba wa chini ya kiti cha baiskeli nimeufungua leo hapa Likoni, Mombasa. Tyubu ya akiba, haijawahi kutumika, ina tundu. Solusheni, ile gundi ya viraka, imekauka, spana za alen (zile za pembe sita) zimeshika kutu. Mkoba una jini?

Jibu: Jini ni hizo spana. Kila shimo la barabara linazisugua kwenye tyubu, na hutoboka hasa penye kona ya mkunjo. Ipake poda, ivalishe soksi kuukuu, na vali usiiache bila kifuniko.

Jibu: Solusheni ikishafunguliwa hukauka tu, hata ukiikaza vipi, maana kiyeyusho chake huruka. Nunua vichupa vidogo, usitoboe mpaka siku ya pancha. Kutu ni hii hewa yetu ya chumvi: futa spana na tone la mafuta ya cherehani, zifunge mbali na tyubu. Zipu nayo isugue nta ya mshumaa.

Swali: Hiyo yenye tundu nitupe?

Jibu: Ya nini? Piga msasa, paka solusheni nyembamba, ngoja ikauke isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Wengi hubandika ikiwa mbichi, kinabanduka. Na kung'uta mkoba kabla ya kutia mkono. Nge hupenda giza.