Naomba ushauri: haki ni ya dola au ya jamii?

Wakuu, habari za jioni. Nimekwama kwenye insha. Kifungu cha 21 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu (1981) kinawapa "watu wote" haki ya mali asili zao. Serikali nyingi husema watu ndio taifa zima, na msemaji wao ni zenyewe. Ila 2017 Mahakama ya Afrika, pale Arusha, iliwapa Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, ushindi dhidi ya Kenya kwa kifungu hichohicho. 2022 ikaamuru fidia na hatimiliki ya pamoja.

Mimi naona dola ni wakala tu, haina uzito wa kimaadili yenyewe. Msimamizi wangu kanibana: bila dola, Waogiek wangemshtaki nani? Nimjibuje?