Mjamzito anayechoma dhahabu kwa zebaki, Chunya: aanzie wapi?

Mdau_Makongolosi: Wadau, naomba ushauri. Kuna dada ana mimba ya wiki 10, na mbili za nyuma zilitoka. Anakamatisha dhahabu kwa zebaki mwaloni (pale wanapooshea mchanga wa dhahabu), kisha anachomea jikoni kwake. Apime nini? Wenzake wanamwambia maziwa yanasafisha sumu.

Nesi_Mwanjelwa: Pole yake. Maziwa hayatoi zebaki mwilini, anywe kama chakula tu. Kinachomuumiza zaidi ni ule mvuke wa kuchomea. Hauna harufu, ukivutwa huingia kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto, wakati ubongo wake ndio unajengwa. Zebaki imehusishwa na hedhi kuvurugika na mimba kutoka, ila msiishie hapo: kaswende, malaria na kisukari navyo hutoa mimba. Aende kliniki wiki hii.

Kipimo cha mvuke ni mkojo. Nywele huonyesha zaidi zebaki ya kwenye samaki. Mkojo uchukuliwe asubuhi, mbali na machimbo, akiwa ameoga na kubadili nguo, maana vumbi la nguoni tu linaharibu majibu. Kuhusu kipimo hicho, daktari awaulize Mkemia Mkuu wa Serikali, wana ofisi ya kanda Mbeya. Dawa za kutoa sumu asinunue mwenyewe, hasa akiwa mjamzito.

Fundi_Karasha: Aache kuchoma leo, na asikae jirani na anayechoma. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Wenzake wachomee nje, kwa retoti (chungu chenye kifuniko na bomba la kukusanya zebaki) iliyofungwa vizuri, bomba likipozwa kwa kitambaa chenye maji. Ncha ya bomba isizame ndani ya maji: moto ukipungua, maji hunyonywa hadi kwenye chungu cha moto na kinaweza kupasuka. Wasifungue kabla hakijapoa. Na dhahabu ikitoka humo bado ina zebaki kidogo, kwa hiyo hata kwa sonara asisimame karibu wakati wa kuyeyusha.

Mdau_Makongolosi: Na hilo jiko lenyewe? Watoto wanalala chumba cha pili.

Nesi_Mwanjelwa: Watoto wahame kwanza, madirisha yafunguliwe. Usafi afanye mtu mwingine, si yeye. Asifagie, ufagio unavunja matone ya zebaki na mvuke unaongezeka. Ayasukume kwa karatasi ngumu, ayatie kwenye chupa yenye maji na kifuniko. Sakafu ya udongo ikwanguliwe juu, udongo huo usitupwe shambani wala motoni. Kikaango cha kuchomea kisipikiwe tena, na nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na kisima.