Mwenyekiti kasoma karatasi yangu ya siri kwa spika, wakabaji wenyewe wamekaa wanasikiliza!!!

Mama Genge: Wakuu, nimetoka mkutano wa mtaa sasa hivi, mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua: yule ambaye hata akiomba chumvi anaamsha wafu.

Kila siku tunaimbiwa polisi jamii, ulinzi shirikishi, mwananchi toa taarifa. Haya, nikatoa! Nikaandika majina ya wanaokaba pale kona ya gereji, saa wanazokaa, hadi banda wanakoficha mapanga. Nikatumbukiza kwenye sanduku la maoni, lile lenye kufuli na maandishi SIRI.

Leo kaifungua karatasi, kaisoma. Kwa SPIKA! Jina la kwanza, la pili, na wa tatu yupo kauegemea mwembe anatafuna muwa. Kisha kaiinua juu: "Huu mwandiko naujua, ni wa yule mama wa genge."

Mwandiko naujua! Anaujua kwa sababu yumo kwenye daftari langu la madeni tangu mfungo! Yule kijana kaacha kutafuna, kaniangalia mimi tu.

Dar hatujasahau Januari 2015, uvumi tu wa Panya Road, vile vikundi vya vijana wakabaji, watu wakafunga maduka na kukimbia. 2022 wakarudi, wakavunja milango na mapanga mkononi. Polisi atamjuaje mkabaji kama jirani hasemi? Na nani atasema tena mtaa huu? Kwa spika, jamani! MWANDIKO NAUJUA!

Kobe wa Mbagala: Pole dada. Kesho genge unafungua? Nahisi utapata wateja wapya.

Fundi Rangi: Karatasi ya nini? Kata ina polisi wake siku hizi, ungempigia.

Mama Genge: Nilimpigia. Akasema peleka kwa mwenyekiti.

Fundi Rangi: 😂😂😂

Mpangaji: Afadhali wako anasoma. Sisi tunatoa elfu mbili ya ulinzi kila mwezi, na walinzi wanalala kibarazani kwangu, wanakoroma filimbi ikiwa mdomoni.

Ng'wana wa Shinyanga: Dar mnacheza. Miaka ya 1980 sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, walishika upinde na mishale, wezi wa ng'ombe wakahama wenyewe.

Kobe wa Mbagala: Na vikongwe waliofukuzwa vijijini kwa kusingiziwa uchawi, nao waliiba ng'ombe?

Ng'wana wa Shinyanga: Usinichokoze.

Jirani wa Nakuru: Sisi Kenya tulianza Nyumba Kumi, ule ulinzi wa majirani chini ya mzee mmoja, 2013, tukaiga kwenu. Mzee wetu anajua nani kapika nyama, mwizi ndiye hamjui.

Mama Genge: Jamani, mimi nalala wapi leo?

Bwana Shamba: Mpangaji, elfu mbili? Sisi elfu tano, na taa ya njiani hakuna hata moja.

Mpangaji: Risiti mnapewa?

Bwana Shamba: Risiti? Niliuliza nikaambiwa nahujumu ulinzi.