Ndege za wamisionari kwenye maafa: ziachwe zifanye kazi, au zibanwe?

Mtoa mada
Wadau, tujadili hili bila jazba za dini. Tetemeko likipiga au kimbunga kikipita na barabara zikakatika, mara nyingi ndege zinazowahi vijiji vya mbali ni hizi ndogo za wamisionari. Serikali iziachie zigawe misaada zinavyoona, au iziwekee masharti?

Mfano wangu ni Papua New Guinea. Tarehe 26 Februari 2018 tetemeko la ukubwa wa 7.5 lilitikisa nyanda za juu, mikoa ya Hela na Southern Highlands. Milima ikaporomoka, njia zikafukiwa. MAF, shirika la ndege la wamisionari, lilikuwa nchini humo tangu 1951. Marubani wake walikuwa wamezoea viwanja vya nyasi vilivyochongwa kwenye miteremko. Rubani mgeni hawezi kwenda kujifunzia kutua huko siku ya maafa. Kwa hiyo warushe wao. Ila orodha ya vijiji na ya mizigo isipangwe na kanisa.

Mchangiaji wa kwanza
Mkuu, unajipinga mwenyewe. Unamwamini rubani atue mlimani, halafu humwamini akikwambia kijiji fulani kina njaa? Karani wa mji mkuu anajua nini? Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, mito ya Buzi na Pungwe ikageuza nchi kavu kuwa bahari, watu walikuwa juu ya mapaa na miti. Hao nao wangesubiri fomu isainiwe?

Mtoa mada
Waliokuwa juu ya mapaa walitolewa kwa helikopta na boti. Ndege ya mabawa lazima ipate pa kutua. Kazi yake kubwa kwenye mafuriko kama yale ni kukagua kutoka juu, kuleta wataalamu na dawa.

Mchangiaji wa pili
Mimi nina hoja ya kilo. Ndege ndogo haipakiwi kwa kukisia: kila boksi linapanda kwenye mizani, na abiria naye anapimwa na begi lake. Uwanja ukiwa mfupi, uko juu na jua ni kali, mzigo unapunguzwa zaidi, kwa sababu hewa nyepesi hainyanyui vizuri. Sasa katoni ya vitabu vya dini ya kilo 20 maana yake ni kilo 20 za dawa zimebaki chini. Kanuni za maadili za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinakataza msaada kutumika kueneza msimamo wa kidini. Na wasiseme ni njama za wasioamini, Caritas na Walutheri walikuwa miongoni mwa waliozidhamini! Rubani akitaka kuomba kabla ya kuruka, aombe. Sala haina uzito.

Mtoa mada
Naafiki, ingawa vitabu si tatizo kubwa kwangu. Tatizo ni uwanja wenyewe. Viwanja vingi vya aina hii vilichimbwa mahali misheni ilipojenga kanisa, shule na zahanati. Hapo ndipo penye redio na mtu anayejua kuitumia. Maafa yakitokea, kijiji hicho kinaita na ndege inakuja. Ng'ambo ya bonde wako watu walioumia vilevile, hawana uwanja wala redio, na hakuna aliyewabagua kwa makusudi. Ramani ya misaada inakuwa ramani ya misheni ya miaka sitini iliyopita. Rubani hawezi kurekebisha hilo hata awe na roho safi kiasi gani. Panahitajika dawati moja linaloona ndege zote, liseme: nyie nendeni penye uwanja, helikopta za jeshi ziende kusiko na uwanja.

Mchangiaji wa kwanza
Hapo kwenye redio umenibana, nakubali. Lakini dawati likae uwanja wa ndege, pembeni ya mizani, si wizarani. Na anayesaini awepo alfajiri, maana milimani mawingu yakishashuka mchana, siku imeisha hiyo.